Kuhamishia kichujio cha zamani kwenye tangi kubwa la samaki

Swali
Habari zenu. Nina tangi la lita 60 ambalo kichujio chake kimefanya kazi mfululizo kwa miaka miwili, na samaki wangu 12 wadogo wana afya njema. Sasa nimepata tangi la lita 200. Je, nihamishe kichujio hicho pamoja na samaki siku moja, au ni lazima nisubiri wiki kadhaa kama nilivyofanya nilipoanza? Ninakusudia pia kuhamisha maji yote ya zamani, kwa kuwa nimesikia kwamba ndiyo yenye bakteria wanaosafisha maji.

Jibu la kwanza
Huna haja ya kusubiri, mradi idadi ya samaki ibaki ileile. Bakteria wanaogeuza amonia (sumu itokanayo na uchafu wa samaki) kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wenzao wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi, huongezeka kwa kadiri ya uchafu wa samaki, si kwa wingi wa lita. Kundi linalowatosha samaki 12 katika tangi dogo litawatosha haohao katika tangi kubwa. Maji ya zamani hayatakusaidia sana, kwani bakteria hao huishi kwa kushikamana na sifongo, vipande vya kauri na changarawe. Nakusihi usiisafishe sifongo siku hiyo, hata ikionekana chafu namna gani. Utando ule wa kahawia unaoteleza ndio hasa unaouhamisha. Ikiwa imeziba kabisa, ikamue taratibu ndani ya ndoo yenye maji ya tangi la zamani, kamwe si chini ya bomba, maana klorini huwaua bakteria.

Jibu la pili
Naafiki, ila kuna kosa lililonipotezea samaki wanne. Nilizima kichujio asubuhi, nikakiacha kimefungwa na maji yake ndani hadi jioni, nisijue kwamba bakteria hao huhitaji oksijeni kila wakati. Nilipokiwasha kilitoa maji yenye harufu mbaya, na amonia ikapanda. Andaa kwanza tangi jipya: lijaze, tia dawa ya kuondoa klorini, linganisha joto la maji, ndipo uhamishe kichujio mwishoni, bila kuiacha sifongo ikauke.

Aliyeuliza
Nimeelewa, ahsanteni. Lakini pampu yangu husukuma lita 300 tu kwa saa. Itatosha?

Jibu la kwanza
Kwa upande wa bakteria inatosha. Kwa mzunguko wa maji haitoshi, kwani wengi wetu hulenga maji yote yapite kwenye kichujio angalau mara nne kwa saa, yaani lita 800 kwa tangi lako. Weka kichujio kikubwa kando ya hicho cha zamani, uviendeshe vyote viwili kwa wiki sita hivi kabla ya kuondoa cha zamani. Pima amonia na nitriti kila siku katika wiki ya kwanza, na kimojawapo kikizidi sifuri, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo na upunguze chakula. Samaki wapya waongeze baadaye, wawili au watatu kwa wakati mmoja.