Terrifier ya 2016: bajeti ndogo ni utetezi au kisingizio?

Mleta mada: Wakuu, nimeirudia Terrifier ile ya kwanza, filamu ya kutisha, na bado nagombana nayo. Kila ukiikosoa unajibiwa, "Ilitengenezwa kwa hela kidogo, ulitegemea nini?" Sawa, bajeti haikufika hata dola 100,000. Damien Leone aliandika, akaongoza, akahariri, na majeraha ya bandia akayatengeneza mwenyewe. Kwa hayo majeraha namvulia kofia.

Ila hebu kumbukeni pale kwenye duka la piza. Art, yule klauni muuaji, kakaa tu mezani anamkazia macho Tara, msichana aliyeingia na rafiki yake Dawn. Hasemi neno, filamu nzima hasemi, hata akiumizwa anaachama mdomo na sauti haitoki. David Howard Thornton anamwigiza Art kwa uso na mabega, basi. Mimi pale niliogopa kuliko mahali pengine popote, na ni meza, taa na mtu anayetabasamu. Kwa hiyo sehemu bora ndiyo rahisi kuliko zote! Halafu mniambie hela ndiyo iliyowanyima Tara na Dawn tabia? Hadi wanakufa sijui hata wanapenda nini. Kuandika mazungumzo mazuri kunahitaji msumeno wa bandia?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, unaikosea. Tara umemshika moyoni ukidhani ndiye atakayebaki hai, kama ilivyo desturi ya filamu hizi. Kumbe katikati ya filamu Art anachomoa bastola. Bastola! Wauaji wa aina hii hutumia visu na mashoka; huyu kavunja sheria ya mchezo na bado anacheka kimyakimya. Ungepewa historia ya kila mtu ungeshajua nani anapona.

Mchangiaji wa 2: Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni Dawn. Ananing'inizwa uchi, kichwa chini, anakatwa vipande viwili na kamera haibanduki. Wanaume humo wanauawa chapchap. Mwanamke ndiye anayecheleweshwa ili tutazame vizuri. Hilo ni chaguo la mwongozaji, na wala si suala la pesa.

Mleta mada: Mchangiaji wa 1, la bastola nimekubali, lilinishtua kweli. Lakini kumshtua mtazamaji kwa kifo cha mtu asiyemjali kunafanya kazi mara moja tu. Mara ya pili nilikuwa naangalia saa. Mchangiaji wa 2, sina la kukujibu. Ile sehemu wengi wanaisifia kwa ufundi, na ufundi upo, ila nikiulizwa ilikuwa inamtisha nani, nashindwa.

Tena ya pili, ya 2022, ilipata kama dola 250,000, na ghafla mhusika mkuu, Sienna, ana mama, ana mdogo wake, ana baba aliyefariki. Nikafurahi. Kisha nikaona urefu wake: dakika 138. Aliyeimaliza bila kuisimamisha njiani anyooshe mkono.