Mrejesho: tulivyolala na RV (gari lenye vitanda na jiko ndani) pale Lake Texoma

Jamani nimerudi na mrejesho. Niliuliza kama kuna umeme kwa RV pale Eisenhower State Park, hifadhi iliyo kando ya ziwa hilo, Texas mpakani na Oklahoma, maana tulikuwa tunalala usiku mmoja tu. Upo bwana, na maji, unachomeka tu. Ila plagi yetu ni ya ampea 30, haibebi vitu vingi kwa pamoja, wife kawasha maikrowevu huku AC inaunguruma, paa, giza! Nikatoka na kandambili na tochi kurudisha swichi kwenye kinguzo cha kuchomekea umeme, majirani wananichungulia. Na yule aliyesema nibebe vibao vya kuweka chini ya matairi ili gari likae sawa, nilimpuuza, basi tumelala vichwa chini miguu juu, chungwa likidondoka linabingirika mpaka mlangoni 😂 Lakini asubuhi, chai ya tangawizi mkononi, ziwa limetulia tuli... acha tu. Oktoba tunarudi, joto likipungua.