Mwembe wa bundi Isevya: ukatwe au uachwe?

Baba Shija: Wana Tabora, Jumamosi mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano kuhusu ule mwembe mkubwa wa kisimani. Bundi wamehamia pale, na tangu waje watoto wa nyumba za jirani wanapiga mayowe usiku. Wangu ana miaka 5. Namlaza saa mbili, ikifika saa nne anakaa kitandani macho wazi, analia, hanitambui. Asubuhi hakumbuki lolote. Mimi nasema ukatwe. Anayepinga aje na hoja.

Mama Kulwa: Ukatwe leo leo. Bibi yangu Sikonge akimsikia bundi juu ya paa alikuwa anatoka na kijinga cha moto. Wazee hawakuwa wajinga.

Muuguzi Mstaafu: Pole, Baba Shija. Hayo ni mayowe ya usingizini, huwapata hasa watoto wa miaka 3 hadi 12. Huja usingizi ukiwa mzito, saa moja hadi tatu baada ya mtoto kulala, ndiyo maana kwako ni saa nne. Bundi analia hadi alfajiri, mbona mtoto hashtuki saa tisa? Ndoto mbaya ndizo huja usiku ukielekea kwisha, na mtoto huzikumbuka. Usimwamshe kwa nguvu, mlinde tu asianguke. Homa na uchovu huchochea, na mara nyingi katika ukoo yupo aliyepitia hayo. Ila akikakamaa mwili au akiwa na homa kali, mkimbize hospitali usiku huohuo, msingoje kukuche. Na jamani walazeni mapema, watoto wa siku hizi wanakesha na tamthilia pembeni ya mama zao.

Mama Kulwa: Pembeni ya mama zao! Nakuheshimu kwa umri wako, lakini hapo umenichoma. Natoka sokoni giza limeingia, nawasha jiko, nawaogesha, nawalisha. Baba zao saa hizo wako wapi? Waulize walioko kijiweni.

Mkulima wa Uyui: Turudi kwenye mti. Bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo anayekaa kwenye mapaa na mashimo ya miti, chakula chake kikubwa ni panya. Jozi yenye makinda inakamata panya kila usiku. Mkimfukuza, mahindi yenu mtagawana na panya. Tena kuua ndege wa porini bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009.

Mama Kulwa: Mkulima, mimi nimeongelea akina baba, wewe unaniletea panya.

Baba Shija: Mama Kulwa, mwanangu namlaza mwenyewe kila siku. Mimi usiniweke kijiweni.

Kijana wa Ujiji: Dada, kaka, poeni. Huku Ujiji miembe mikubwa tunayo tangu enzi za misafara, bundi wanalia, watoto wanalala. Na msidhani wataalamu hawajachunguza ndege na usingizi. Mwaka 2016 Niels Rattenborg na wenzake walitangaza matokeo ya kupima ubongo wa ndege wa baharini wa visiwa vya Galápagos wakiwa angani. Ndege wale walilala wakiruka, kama dakika 42 tu kwa siku. Watu wanapima usingizi angani, sisi tunataka kupima wetu kwa panga na shoka.

Mama Kulwa: Huyo ndege hana mtoto wa kuamshia shule.

Baba Shija: Kwangu tamthilia hakuna. Kinachotunyima usingizi ni spika ya baa ya pale barabarani, inapiga hadi saa saba. Mtoto usingizi wake unakatikakatika, anaamka amechoka.

Muuguzi Mstaafu: Hilo ungelisema mwanzo! Mtoto wa umri wake anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku. Akikatiwa usingizi kila usiku, mayowe huzidi. Mama Kulwa, neno langu liwahusu wazazi wote, baba na mama.

Mama Kulwa: Hapo tumeelewana. Jumamosi nasimama wa kwanza, na naanza na baa. Bundi bado simtaki, ila spika ile izimwe saa nne, na akina baba waje mkutanoni wayasikie haya wenyewe.

Mkulima wa Uyui: Na mwembe?

Baba Shija: Tumalize la spika kwanza.