Je, kamati ya wanafunzi inaweza kuinyima fedha klabu ya wahafidhina kwa sababu ya mgeni wake?

MjumbeWaKamati:
Salaam ndugu zangu. Ninasoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani, na mwaka huu nimechaguliwa kuwa katibu wa kamati inayogawa ada ya shughuli za wanafunzi, yaani ile ada ambayo kila mmoja wetu huilipa pamoja na karo. Klabu ya wahafidhina imeomba fedha za kukodi ukumbi na kumsafirisha mzungumzaji anayetaka viza za wanafunzi wa kigeni zipunguzwe sana. Mimi mwenyewe niko hapa kwa viza hiyo, kwa hiyo sijifanyi kwamba jambo hili halinigusi.

Katika kikao cha Jumanne wajumbe wengi walitaka tukatae. Mmoja alipendekeza suala hili lipigiwe kura na wanafunzi wote, na ikiwa wengi hawamtaki mgeni huyo, basi fedha zisitoke. Mwenyekiti wa klabu alikuwa ameketi mwisho wa meza na bajeti yake ya ukurasa mmoja, akauliza swali moja tu: "Tumekosea wapi katika fomu?" Hakuna aliyemjibu. Fomu hiyo ina mstari wa kuandika sababu ya kukataliwa, na mimi ndiye ninayepaswa kuujaza. Hadi leo uko mtupu. Je, ipo sababu ninayoweza kuiandika pale kwa dhamiri safi? Na hiyo kura, ni ya haki?

WakiliMsomaji:
Ndugu Mjumbe, kwa kuwa chuo chako ni cha umma, kamati yenu inashika fedha hizo kwa niaba ya serikali, na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa kujieleza na yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanaibana kama yanavyombana gavana.

Kuhusu kura, jibu lako limo katika kesi ya Chuo Kikuu cha Wisconsin dhidi ya Southworth, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2000. Waliofungua kesi ile walikuwa wanafunzi wahafidhina wa sheria waliolalamika kwamba ada yao ya lazima inavilipia vikundi wasivyokubaliana navyo. Walishindwa: Mahakama ilisema chuo kinaweza kutoza ada hiyo, mradi igawanywe bila kupendelea wala kuadhibu msimamo wa kikundi chochote. Hapo hapo majaji wakautilia shaka utaratibu wa kuacha kura ya wanafunzi wote iamue kikundi kipi kipewe fedha na kipi kinyimwe, kwa sababu kinga ya wachache haina maana ikiwa wengi wanaweza kuiondoa kwa kuhesabu mikono. Kwa hiyo kesi ambayo wahafidhina waliipoteza ndiyo inayoilinda klabu yao leo mbele ya kamati yako.

Vivyo hivyo, mwaka 1972, katika kesi ya Healy dhidi ya James, chuo kimoja cha umma huko Connecticut kilikuwa kimekataa kulitambua tawi la wanafunzi wa mrengo wa kushoto kwa sababu ya itikadi yao. Mahakama ilisema kuichukia itikadi hakutoshi kuwa sababu, ingawa chuo kinaweza kukikataa kikundi kisichotaka kufuata kanuni za kawaida zinazowahusu wote. Fedha zikiwa zimekwisha, fomu ikiwa imechelewa, ukumbi ukiwa umeshachukuliwa, andika hivyo. Ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, usitafute la kuandika.

MwanaharakatiWaHaki:
Ninamheshimu Wakili, lakini maelezo yake yanamtazama mzungumzaji peke yake. Mgeni huyo atapanda ndege aondoke usiku uleule. Wanafunzi waliozungumziwa watabaki mabwenini na watakutana asubuhi darasani na waliompigia makofi. Haki iliyo sawa kwenye karatasi haiwi na uzito sawa kwa anayejadili sera na kwa anayejadiliwa yeye mwenyewe. Sisemi azuiwe. Ninasema kwamba kuandamana nje ya ukumbi, kubeba mabango na hata kuinuka na kutoka kwa pamoja anapoanza kusema ni uhuru uleule wa kujieleza, na chuo kisiwaite wanaofanya hivyo wavurugaji.

MhadhiriWaZamu:
Hapo ninakubaliana na Mwanaharakati kabisa, ila mpaka uwekwe wazi. Kutoka ukumbini ni kusema. Kupiga kelele mfululizo hadi aliyekuja kusikiliza asisikie ni kumnyang'anya mwenzako masikio yake. Mwaka 2017 huko Middlebury, ambacho ni chuo cha binafsi katika jimbo la Vermont, wanafunzi walimzomea Charles Murray, mwandishi wa mrengo wa kulia, hadi akahamishiwa chumba kingine, na baadaye profesa Allison Stanger, aliyekuwa pale ili amhoji Murray, aliumizwa shingo alipokuwa akitoka naye. Waliokuwa na maswali makali walipoteza usiku ule nafasi ya kuyauliza mbele ya wenzao.

Niliwahi kuongoza mdahalo wa namna hii. Tulikubaliana na klabu iliyoalika kwamba wasiokubaliana na mgeni ndio watangulie kwenye kipaza sauti. Binti mmoja alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne, akasoma swali lake kwa sauti inayotetemeka, na mgeni alipojibu jambo jingine, binti akalisoma tena, neno kwa neno. Ukumbi mzima uliona kwamba halijajibiwa.

Angalieni pia gharama za ulinzi. Hofu ipo na ina sababu: mwanaharakati mhafidhina Charlie Kirk aliuawa kwa risasi tarehe 10 Septemba 2025 alipokuwa akijibu maswali ya wanafunzi katika Utah Valley University. Lakini kuipelekea klabu ankara kubwa zaidi kwa sababu wapinzani wa mgeni wanatarajiwa kukasirika ni kuwapa wenye hasira ufunguo wa ukumbi. Mahakama ya Juu ilishalikataa jambo hilo mwaka 1992, katika kesi ya kaunti ya Forsyth, huko Georgia, iliyohusu ada za maandamano.

MjumbeWaKamati:
Nawashukuru, na hasa wewe Mwanaharakati, kwa sababu ulichokisema kuhusu asubuhi darasani ndicho kilichokuwa kikinikosesha usingizi. Leo nimeipitia fomu mstari kwa mstari na sikuona kosa, na fedha zipo. Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati kwamba pendekezo la kura liondolewe kwenye ajenda na kwamba nitaunga mkono ombi hilo. Nimeambatisha maombi mawili zaidi: klabu ya wanafunzi wa kigeni ipewe eneo la kuandamana karibu na mlango wa ukumbi, na wapinzani watangulie kwenye kipaza sauti, ikiwa klabu itakubali. Mwenyekiti wa klabu amekubali tayari. Nimeshaanza kuandika swali langu.