Ufukwe wa Reynisfjara, Iceland: ufungwe bahari ikichafuka, au kila mtu abebe roho yake?

Mtoto wa Bagamoyo (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Mwezi uliopita nilitoka Copenhagen, ninakoishi, nikaenda Iceland siku nne. Nimerudi na swali moja linanikera, nikaona nilimwage hapa tulijadili bila kutukanana.

Kusini mwa nchi ile, kama saa mbili na nusu kwa gari kutoka Reykjavík, karibu na kijiji cha Vík, kuna ufukwe uitwao Reynisfjara. Mchanga wake mweusi tii, maana ni mawe ya volkano yaliyosagwa. Upande mmoja kuna ukuta wa nguzo za mawe zenye pembe, zimebanana kama magogo yaliyosimamishwa wima. Baharini imesimama minara ya mawe, Reynisdrangar, na wenyeji husimulia kwamba hayo ni mazimwi yaliyokuwa yakiburuta jahazi usiku, jua likayakuta, yakageuka mawe. Kwa uzuri, sina la kusema. Ila ufukwe huo umeshakula watu.

Agosti 2025 mtoto wa miaka 9, mgeni kutoka Ujerumani, alichukuliwa na wimbi pale, na hakuwa wa kwanza. Taa za tahadhari ziliwekwa tangu 2022: kijani, njano na nyekundu, kufuatana na utabiri wa mawimbi. Lakini nyekundu yenyewe ilikuwa ushauri tu, anayetaka anashuka. Baada ya kifo cha yule mtoto ndipo ikaamuliwa kwamba nyekundu ikiwaka, sehemu ya chini ya ufukwe inafungwa.

Sasa nisikilizeni nilichokiona. Siku yangu ilikuwa njano. Mawimbi saba, manane yanakuja, yote yanaishia mahali pamoja, mwishowe unayazoea. Kila likirudi linaburuta kokoto, sauti yake kama mchele unaopetwa kwenye ungo. Mbele yetu walikuwa maharusi, bibi harusi na gauni lake jeupe, wameipa bahari mgongo wanapigwa picha. Likaja moja. Halikuwa refu wala halikuunguruma. Lilikuja chinichini, likateleza kupita lilipokomea lile la kabla, likafika tulipoweka mabegi. Gauni likawa jeusi mpaka magotini, mpiga picha akaacha stendi ya kamera akatimua mbio. Dakika tano hazikupita, wote wamerudi palepale.

Hoja yangu ni kwamba kufunga kwa taa nyekundu hakutoshi. Njano ikiwaka pia watu wabaki juu, waangalie kwa mbali. Picha watapata tu.

Nawasilisha.

Chumvi ya Kilwa

Mleta mada, umezaliwa Bagamoyo halafu unataka bahari itiwe kufuli? Mbao za onyo zipo, zimechorwa hadi picha kwa asiyejua kusoma. Taa zipo. Mtu mzima kasafiri kwa ndege, kakodi gari, kasoma "usiipe bahari mgongo", kaipa. Sikio la kufa halisikii dawa. Watoto ni jukumu la waliowaleta.

Nyinyi mnaokaa Ulaya mkiona hatari mnakimbilia uzio. Leo mtafunga ufukwe, kesho mlima, keshokutwa barafu. Nchi yote ile ni hatari, ndicho watu wanachoifuata.

Binti Mwera

Naunga mkono hoja ya mleta mada.

Dada wa Reykjavík

Nimekaa huku mwaka wa kumi na moja, kazi yangu ni hotelini, na wageni wa kwenda Reynisfjara nawaaga kila asubuhi. Niseme mawili matatu, maana nyote mnalihukumu jambo mkiwa mbali.

Kwanza wimbi lenyewe. Kaka wa Kilwa, hiyo siyo bahari uliyokulia. Kwetu pwani mwamba wa matumbawe unapokea kipigo kabla yako, wimbi likifika mchangani limeshachoka. Huku mawimbi yanasafiri kwenye Atlantiki maelfu ya kilomita bila kisiwa cha kuyavunja nguvu. Lenye kasi linalikuta la mbele, mawili yanakuwa moja. Na sakafu ya bahari hapo inashuka ghafla karibu na ufukwe, kwa hiyo hakuna mahali pa kulipunguza. Likirudi, kokoto zinakimbia chini ya miguu, unakaa chini bila kupenda. Maji ni ya baridi kiasi kwamba hata fundi wa kuogelea viungo vinamkatalia. Kwa hiyo kusema "mtu mzima anajua" si kweli. Anajua bahari yake, hii haijui.

Pili, sheria. Iceland ina kitu kinaitwa *almannaréttur*, haki ya kila mtu kupita kwa miguu kwenye ardhi isiyolimwa, hata ikiwa ya mtu binafsi. Mizizi yake iko kwenye kitabu cha sheria cha mwaka 1281, Jónsbók, na imo pia katika sheria za sasa za kuhifadhi mazingira. Watu huku wanaishikilia kama roho. Mwaka 2014 wenye ardhi pale Geysir, kwenye chemchemi zinazorusha maji ya moto, walianza kutoza krónur 600 mlangoni. Ögmundur Jónasson, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani, alienda na wenzake wakaingia bila kulipa kusudi. Mwisho wake mahakama ikasimamisha tozo. Ukiwaambia watu wa namna hiyo "tumefunga ufukwe", jiandae.

Lakini sasa, na hapa huwa nacheka peke yangu, jirani kabisa na Reynisfjara kuna rasi ya Dyrhólaey. Majira ya ndege kutaga, Mei na Juni, njia za pale hufungwa au hubanwa saa. Sijasikia mtu akilia kwamba haki yake ya mwaka 1281 imevunjwa. Kwa ajili ya yai la bata inawezekana.

Kuhusu njano simuungi mkono mleta mada. Nimepita pale Januari mara tatu, na mara zote ilikuwa njano au nyekundu. Ukifunga kwa njano umefunga majira ya baridi yote, na watu watahamia fukwe za jirani zisizo na taa. Januari 2017 mwanamke alichukuliwa na bahari Kirkjufjara, hapo hapo karibu.

Mhifadhi Mstaafu, Arusha

Tatizo la wenzetu ni kuona haya kutoza. Sisi hifadhini mgeni analipa kwa dola, mwananchi kwa shilingi, na fedha hiyo ndiyo inamlipa askari wa getini. Nchi haina hata watu laki nne, inapokea wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, halafu ufukwe unaoua watu hauna askari? Wekeni geti, tozeni, ajirini.

Dada wa Reykjavík

Mzee, shikamoo. Bei ya mgeni na bei ya mwenyeji huku haipiti kirahisi. Iceland imo katika Eneo la Uchumi la Ulaya tangu 1994, Mjerumani au Mfaransa hatakiwi kubaguliwa kwa uraia wake. Mwaka 2014 serikali ilileta wazo la pasi ya kulipia vivutio vyote vya asili, ikapigwa vita kila upande, wenyeji wakiuliza kwa nini walipie kuona mlima wao. Ikafa. Kinachotozwa sasa ni maegesho ya gari, na Reynisfjara yapo. Shimo la volkano la Kerið ndilo linatoza kiingilio tangu 2013.

Mjukuu wa Lamu

Mnaozungumzia uhuru mmesahau Fjaðrárgljúfur, lile bonde jembamba ambalo Justin Bieber alipigia video mwaka 2015. Watu walimiminika hadi yale majani mafupi laini yanayofunika mawe yakageuka tope, na mwaka 2019 bonde likafungwa. Mimea ile ikikanyagwa huchukua miaka mingi kurudi. Kama kwa mimea inafungwa, kwa ndege inafungwa, kwa binadamu tunaleta falsafa?

Chumvi ya Kilwa

Mmea haukuchagua kukanyagwa, mjukuu. Binadamu anachagua.

Mjukuu wa Lamu

Mtoto wa miaka 9 alichagua nini?

Mtoto wa Bagamoyo (mleta mada)

Kaka wa Kilwa, naomba ulijibu hilo. Na kuna jingine: hao wanaochagua, nani anakwenda kuwatoa? Waokoaji wa Iceland ni watu wa kujitolea, leo fundi magari, kesho mwalimu, wanaitwa usiku wa dhoruba. Sehemu kubwa ya fedha zao inatokana na kuuza fataki za mwaka mpya. Anayejipeleka mwenyewe majini anambeba na mwingine.

Baba Zuhura

Coco Beach tu, Iddi pili, jua limezama, kuwatoa watu majini ni kazi. Mtawaweza Reynisfjara?

Chumvi ya Kilwa

Nijibu basi. Suala la mtoto mmenibana, nakubali. Mtoto hachagui.

Ila sikilizeni nikwambieni kwetu inavyokuwa. Kusi likichafuka, nahodha anakataa abiria. Unaweza kuwa na fedha, una msiba Mafia, una haraka zako zote, atakwambia leo hatutoki, na hutoki. Hatuna taa. Kuna mtu, anakutazama usoni, na anaijua ile bahari kuliko wewe. Ugomvi wangu ni na hiyo taa juu ya mlingoti. Taa haibishani na bibi harusi. Wekeni mtu wa Vík pale chini mwenye mamlaka ya kumwambia mtu rudi, hata kama ni kijani, nami nitakaa kimya.

Mhifadhi Mstaafu, Arusha

Ndicho nilichosema. Askari.

Mtoto wa Bagamoyo (mleta mada)

Kwa hilo kaka tumekaribiana, na ile njano naiweka pembeni. Dada, siku uliyopita wewe kulikuwa na mtu pale chini? Mimi maegesho nililipa kwa simu.

Dada wa Reykjavík

Na mimi kwa simu. Januari ya mwisho nilimkuta mmoja, kavaa fulana ya njano inayong'aa, anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Nikajua ni mlinzi. Kumbe kiongozi wa basi la wageni, anawatoa wateja wake mwenyewe, kabakiza dakika kumi waondoke.