Mtoto anatimiza mwaka mmoja: vitafunio na mapambo ya kutengeneza nyumbani

Kutoka Nakuru

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Tulihamia Nakuru kutoka Tanga kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na mwisho wa mwezi huu mtoto wetu anatimiza mwaka mmoja. Tungependa kuwaalika majirani pamoja na watoto wao, wakiwemo walio wachanga kuliko wa kwetu, lakini keki za kuagiza bei yake haishikiki, na mapambo ya dukani kesho yake yako jalalani. Naomba mnielekeze ninachoweza kutengeneza mwenyewe, mkijua kwamba sina oveni, na kwamba kaimati zangu huku zinafura upesi kisha zinasinyaa, jambo ambalo nyumbani sikulizoea.

Kutoka Kisumu

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kulea. Acha nianze na kaimati, maana wengi wetu tuliotoka pwani tumezilaumu hamira na ngano za huku bila sababu. Tanga iko usawa wa bahari, Kisumu iko juu yake kwa mita 1,130 hivi, na Nakuru kwa mita 1,850 hivi. Kadiri unavyopanda, ndivyo hewa inavyokandamiza kidogo, kwa hiyo gesi ya hamira hutanuka haraka na unga hufura kabla haujapata nguvu ya kujishikilia. Punguza hamira kwa robo ya kipimo chako cha zamani, na usitazame saa, utazame unga wenyewe: ukishaongezeka maradufu, mafuta yawe yameshapata moto. Shira nayo ina mambo yake. Maji ya Nakuru huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo ukifuata nyuzi zilizoandikwa katika mapishi ya pwani utapata shira nzito kupita kiasi. Mtindo wa bibi zetu haujali mwinuko: chovya kijiko, poesha kidogo, kisha bana shira kati ya kidole gumba na cha shahada, ikivuta uzi mmoja, inafaa kwa kaimati na visheti. Kwa kashata endelea kuchemsha mpaka tone lililodondoshwa katika maji baridi lijikusanye kuwa kidonge laini badala ya kutawanyika.

Kuhusu keki, oveni si lazima. Tafuta sufuria nzito yenye kifuniko bapa, weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na usifunue mpaka harufu ikuite. Mwinuko unaidai keki pia: punguza kidogo beking pauda na sukari, na uongeze vijiko viwili vitatu vya maziwa, la sivyo itapanda vizuri na kudidimia katikati mara tu utakapoiepua.

Mtoto mwenyewe, kwa maoni yangu, asipewe keki ya wageni. Mtengenezee yake ndogo: ponda ndizi mbivu tatu mpaka zisibakie na vinundu, piga na mayai mawili, tia vijiko vitatu vya mafuta, changanya na kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano na kijiko kidogo cha beking pauda, kisha oka katika vikopo vidogo vilivyopakwa mafuta. Utamu wa ndizi unamtosha, sukari haihitajiki. Pembeni umwekee viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile ambavyo huku Nyanza vinasifiwa vikitoka Kabondo, vilivyochemshwa, vikapondwa na maziwa kidogo na kufinyangwa vidonge laini ambavyo atavishika mwenyewe. Atajipaka usoni, na picha zitapendeza kuliko za keki yoyote ya kuagiza.

Umesema kutakuwa na wachanga zaidi, na hapa naomba uwe mkali hata kwa mashangazi. Asali inayouzwa kando ya barabara na kusifiwa kuwa ya Baringo ni tamu kwelikweli, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapaswi kulambishwa hata kidogo, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazozalisha sumu katika utumbo wa mtoto mchanga, na kuichemsha jikoni hakuziui. Karanga nzima, bisi na kashata ngumu ni za watoto waliovuka miaka mitano, kwa kuwa humkaba mdogo kwa urahisi. Ziweke kwenye meza ya wakubwa, juu, si kwenye mkeka. Maputo nayo yasichezewe na wadogo, kwa maana kipande cha puto lililopasuka huziba koo na ni vigumu kukitoa.

Badala ya maputo, nenda kwa fundi wa nguo aliye karibu nawe, umwombe vipande vya vitenge anavyovitupa. Mafundi wengi hutoa bure, au kwa bei ya soda. Vikate pembetatu, vishone kwenye utepe mrefu, na utundike ukutani, mahali ambapo mtoto hafikii utepe. Mabaki madogo yatie ndani ya mpira wa kitambaa ulioshonwa kwa uzi imara. Ukitaka kuuwekea macho, yatarizi, usishone vifungo, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja atavitafuna mpaka ving'oke. Zawadi za kuondokea zifunge katika vifuko vya karatasi ya kaki vilivyogundishwa kwa uji mzito wa ngano. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku hapa Kenya tangu Agosti 2017, kama ilivyokuja kuwa kwetu Tanzania Juni 2019, na gazeti lisiguse chakula kwa sababu ya wino wake.

Ukumbusho ninaoupenda kuliko yote ni alama ya kiganja. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji. Kanda, tandaza unene wa kidole, kisha bonyeza kiganja cha mtoto akiwa amelala, maana akiwa macho atafumba ngumi na kuuvuta unga mdomoni, na chumvi hiyo ni nyingi mno kwake. Anika mpaka ukauke kabisa, halafu upake vanishi, kwa kuwa chumvi hunyonya unyevu na pambo litalegea msimu wa mvua.

Kutoka Kakamega

Nakubaliana na dada wa Kisumu, ila niongeze kuhusu kashata. Nazi zinazofika huku kutoka pwani ni ghali na nyingine zimeshachacha, kwa hiyo mimi hutumia karanga au simsim pamoja na sukari guru, ambayo kwetu kwenye mashamba ya miwa haikosekani. Iyeyushe kwanza kwa maji kidogo na uichuje kwa kitambaa, kwa sababu huwa na makapi ya muwa na wakati mwingine mchanga, kisha uichemshe katika sufuria iliyo kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, kwani hupanda povu ghafla. Kashata uziandae siku mbili kabla na uzifunike vizuri, keki uioke jioni ya kuamkia sherehe, na kaimati zikaangwe wageni wakiwa wameshaketi.