Pomboo wa bwawani: je, nimruhusu mwanangu arudi kuwatazama?

Mama wa Shela
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita nilikwenda na mwanangu wa miaka saba kumzuru kaka yangu anayefanya kazi Ghuba, naye kwa mapenzi yake akatupeleka kutazama pomboo wanaochezeshwa bwawani. Mtoto alifurahi mno. Lakini watu walipoanza kutoka nilibaki nikimtazama pomboo mmoja: alizunguka akiufuata ukuta, akafika pembe ile ile, akageuza kichwa, akaanza tena, na nilihesabu mizunguko kumi na minne kabla sijaitwa. Pomboo wanaopita huku kwetu sijawaona kamwe wakirudia njia namna ile. Mjomba ameshamwahidi mtoto kumpeleka tena likizo ijayo. Je, kuna ubaya, maadamu wanalishwa na kutibiwa?

Nahodha, Malindi
Wa alaykumu ssalaam, dada. Ulichokiona ndicho kinachowapata wanyama wengi waliofungiwa mahali padogo. Pomboo hutoa mlio akausikiliza mwangwi wake, ndipo ajue samaki yuko wapi na mwamba uko wapi; baharini huweza kuogelea makumi ya kilomita kwa siku moja, ilhali bwawani mwangwi humrudia kutoka ukuta ule ule, na samaki anayepewa ameshakufa, ametoka ndooni. Na lile tabasamu linalotupendeza ni umbo la taya tu. Hata akiwa mgonjwa, uso wake hubaki vile vile.

Mwalimu, Langoni
Bi. Mama wa Shela, hoja yako ya chakula ina uzito. Katika Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, kosa lilikuwa kumfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na wanazuoni wameitegemea Hadithi ya kindege cha Abu Umayr, mtoto wa zama za Mtume aliyekuwa akicheza na kindege chake, kuruhusu kufuga ndege anayetunzwa. Kwa hiyo sithubutu kutamka kwamba ni haramu. Hata hivyo kindege yule hakulazimishwa kuruka mara kadhaa kwa siku ili watu walipie kiingilio, na mimi binafsi nisingelipa. India ilikataa mabwawa ya namna hii mwaka 2013, na Ufaransa ikapitisha sheria ya kuyakomesha maonyesho hayo mwaka 2021.

Binti wa Watamu
Naomba tusichanganye kufungia na kutibu. Huku kwetu kasa aliyenaswa na nyavu au kumeza plastiki huwekwa kwenye tangi, lakini tangu siku ya kwanza nia ni kumrudisha baharini, na akipona hurudishwa.

Mama wa Shela
Nashukuru sana. Nitazungumza na kaka yangu kwa upole, kwani alikusudia wema. Nahodha, nikimleta mtoto Malindi awaone walio huru, nije lini?

Nahodha, Malindi
Njoo wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia, na mtoke asubuhi kabla upepo haujapanda. Lakini dada, hata hawa walio huru tunawaudhi: boti tatu zikiwazingira, wanazama na kuhama, na mwenye mtoto mchanga hukosa nafasi ya kumnyonyesha. Mwambie nahodha wako asiwakate njia, apunguze mwendo aende sambamba nao kwa mbali, na wakimsogelea wenyewe aiache mashini bila gia. Wasipotokea siku hiyo, mrudishe mtoto nyumbani, mje siku nyingine.